Usukani wa Kaboni au wa Alumini: Risala ya Waendesha Baiskeli wa Rangwe

Imesomwa na katibu, Nicodemus Ochola, mbele ya Bwana Jeff Osoro, Meneja Mkuu wa Kampuni ya Upesi Baiskeli ya Nairobi, katika uwanja wa soko la Rangwe, Jumamosi tarehe 19 Septemba 1998.

Mgeni rasmi, Bwana Osoro; maafisa mlioandamana naye; wazee wa soko, akina mama wa mboga na wa samaki, na abiria wetu wote mlioacha shughuli zenu: hamjambo.

UKARIBISHO

Sisi waendesha baiskeli za abiria wa Rangwe tunakupokea kwa heshima. Tangu kikundi hiki kiundwe hatujawahi kutembelewa na mtu wa cheo chako. Wageni wetu hadi leo wamekuwa afisa wa afya, aliyekuja kuhusu choo cha steji, na mwinjilisti mmoja aliyekuja kwa ajili ya roho zetu. Wewe umekuja kwa ajili ya baiskeli, nasi tumefurahi kwa sababu hiyo ndiyo kazi tunayoijua.

Viti mnavyokalia vimeazimwa kanisani. Hema ni la Bi Asli Mohammad, mwenye duka la spea lililo mkabala na steji, na tumeahidi kulirudisha kabla ya saa kumi. Kwa hiyo hatutakuwa warefu.

TULIKOTOKA

Kikundi kilianza mwaka 1993 na watu sita. Kabla ya hapo, mtu aliyeshuka barabara kuu akitoka Oyugis au Homa Bay alitembea kwa miguu mpaka kwake, hata akiwa na gunia. Sisi sita tulikuwa na baiskeli nyeusi za chuma, zile nzito ambazo baba zetu walizitumia kupeleka pamba. Tulizifungia mito ya sponji kwenye keria, tukasimama barabarani. Wiki ya kwanza watu walitucheka. Wiki ya pili mvua ilinyesha, na waliotucheka wakapanda.

Leo tuko ishirini na wanne. Ishirini na watatu ni wanaume, na mmoja ni mwanamke, Damaris Kemuma, aliyejiunga mwaka 1995. Yeye ni mtu wa upande wa Kisii aliyeolewa hapa. Alikuja na baiskeli yake mwenyewe na hakuomba apunguziwe lolote. Tulimpa majaribio kama mwanachama mwingine yeyote: kupanda kilima cha shule akiwa na mfuko wa saruji kwenye keria, bila kushuka. Alipanda. Wawili kati ya waliokuwa wakimtazama walikuwa wameshindwa mara ya kwanza walipojaribu, na majina yao hatutayasoma.

TULIYOFANIKIWA

Tumewapeleka hospitalini akina mama wajawazito kumi na saba, na wote walifika kabla ya mtoto, isipokuwa mmoja. Mtoto huyo anaendelea vizuri. Tumebeba mitihani ya shule, jeneza moja, mbuzi wasiohesabika, na bwana harusi aliyekuwa amechelewa.

Tuna fundi wetu, Levis Oyoo, ambaye hutengeneza baiskeli zote ishirini na nne chini ya bati lile mnaloliona pale. Hatudhani kuna fundi mwenye mkono wake kutoka hapa hadi Kehancha. Tunalisema hili mapema ili yatakayofuata yasieleweke vibaya.

SEHEMU ZA MAJARIBIO

Mgeni rasmi, mwezi Machi mwaka huu kampuni yako ilitupendeza sana. Ilituandikia kwamba inataka kubadilisha baiskeli za abiria ziwe nyepesi, na kwamba ingetupatia seti ishirini na nne za bure za usukani, shingo ya kuushika, bomba la kiti na breki za waya. Sisi tungevaa fulana zenye jina la kampuni na kupigwa picha ya kalenda. Tukaambiwa tuchague kati ya aina mbili, zote za bei nafuu. Moja ni ya alumini, ambayo tunaijua kwa sababu ya sufuria. Nyingine ni ya kaboni, ambayo hatukuijua. Yule kijana wenu wa mauzo alitueleza kwamba kaboni ni nyuzi nyeusi zilizogandishwa kwa gundi, na kwamba huko duniani ndiyo inayotumiwa na washindi wa mashindano.

Ili tusichague gizani, mlitutumia seti nne za kujaribu, mbili za kila aina. Tulipiga kura ya vijiti. Kaboni ziliwaangukia Damaris Kemuma na mimi katibu ninayesoma. Alumini zikawaangukia mwenzetu Nyamweya na mzee wetu wa nidhamu.

Tunataka kusema ukweli kuhusu kaboni. Ni nyepesi ajabu. Usukani wake unauinua kwa vidole viwili, na kwenye changarawe hautetemeshi mikono kama wa chuma. Unang'aa. Vijana wetu waliuzunguka siku nzima kana kwamba umetoka mbinguni. Abiria wangu mmoja aliniuliza kama nimenunua pikipiki.

Alumini haikuzungukwa na mtu. Ilionekana kama ilivyo. Mwezi wa Aprili Nyamweya aliingia nayo mtaroni akimkwepa ng'ombe, usukani ukapinda upande wa kushoto. Aliendesha hivyo hivyo mpaka nyumbani, akitazama Homa Bay huku akielekea Oyugis. Levis aliutazama, akasema umekwisha, akampa wa chuma kwa muda mpaka wenu mwingine ulipofika.

Tarehe 12 Mei, siku ya Jumanne, Damaris alikuwa akiushuka mteremko unaoingia sokoni akiwa amempakia Mama Filister Atieno, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, na beseni lake. Usukani ulikatika karibu na shingo. Haukupinda, na haukulia kabla ya kukatika. Damaris alibaki na kipande mkononi, na baiskeli ikaenda ilikotaka.

Mama Filister yupo hapa na ametuomba maneno yake yasomwe kama alivyoyasema. Alisema: "Mimi nilisikia tu kitu imesema tap, kama mtoto anavunja muwa. Kuangalia, niko chini na omena yote iko juu yangu. Huyu msichana akajitupa upande ingine ndio asinikanyage na baiskeli. Hiyo mimi niliona na macho yangu. Kama angeruka mapema angepona yeye, mimi ningeenda mpaka kwa ukuta."

Mama Filister alichubuka magoti. Damaris alivunjika mtulinga. Hakufanya kazi kwa wiki kumi na moja.

KOSA LETU

Hapa, mgeni rasmi, risala nyingi hunyamaza. Sisi tumeamua tusinyamaze, kwa sababu kosa tumelipata na ni letu.

Baiskeli za Rangwe zina namna yake ya kutunzwa. Kila kitu kinachoingia ndani ya kingine hupakwa grisi, ili kisishike kutu kwa mvua. Kila nati hukazwa kwa spana iliyoongezewa kipande cha bomba, mpaka ilie, halafu inaongezwa kidogo. Na kila usukani huzungushiwa ukanda wa tyubu kuukuu kutoka mkono hadi mkono, ili usiteleze na ili mtu aweze kuning'iniza mfuko au kuku. Hivyo ndivyo Levis alivyofundishwa na mwalimu wake, na hivyo ndivyo chuma kinavyotaka.

Levis aliipaka kaboni grisi. Kwa sababu ya grisi usukani ukawa unateleza ndani ya shingo. Kwa sababu unateleza, akakaza. Ukateleza tena, akaleta bomba refu zaidi. Ulipotulia aliuzungushia ukanda wa tyubu, kazi safi kabisa. Chini ya ukanda ule, ufa ulikuwa umeanza, na hakuna aliyeuona. Baada ya ajali tulipofungua kipande kilichobaki, tuliona alama ya meno ya shingo ilivyoingia kwenye zile nyuzi.

Tulimwita Levis mbele ya kikundi. Alisimama akasema: "Wakubwa, ni mimi. Nilifunga kama chuma. Nilikaza mpaka ikalia, nikaongeza. Hakuna mtu aliniambia hii kitu haitaki kulia." Kisha alikaa chini, akafunika uso kwa kofia. Tangu siku hiyo humletea Damaris kuni kila Jumapili, bila kuambiwa na mtu.

Tulimwuliza kijana wenu wa mauzo nati ile ilitakiwa ikazwe kiasi gani. Akasema ipo spana maalumu yenye saa, inayoonyesha nguvu ya mkono. Tukauliza inapatikana wapi. Akasema labda Nairobi, na kwamba hata yeye hajawahi kuishika.

Bi Asli Mohammad, ambaye ameuza spea hapa kwa miaka kumi na moja, alipoletewa mfano wa kaboni auze dukani alikataa. Alisema: "Hii siweki kwa duka yangu, walahi. Ya chuma ikiharibika mteja anaiona, anakuja kununua ingine. Hii ikiharibika mteja haoni, na nikimwona tena atakuwa amebebwa."

KURA

Tarehe 4 Julai tulijaza fomu yenu. Kumi na watano walichagua alumini. Wanane, wote vijana, walichagua kaboni, na walipoulizwa sababu walisema ni nyeusi. Damaris hakupiga kura. Alisema asingependa watu waseme anauogopa usukani.

Hatukuchagua alumini kwa kudhani ni kitu cha milele. Bi Asli ametueleza kwamba nayo huchoka, na baada ya miaka kadhaa hupata ufa na kukatika. Lakini mara nyingi hupinda kwanza. Hukwaruzika ukaona, hulia ukasikia, na fundi mwenye bomba refu akiikosea, inaonyesha pale alipokosea. Sisi ni watu wa bomba refu. Tukiwaambia mafundi wote wa Rangwe, Oyugis na Kehancha leo kwamba wasikaze, kesho asubuhi watakaza. Tunawajua.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ni moja, nayo ni barua.

Tarehe 30 Julai tulipokea jibu kutoka ofisini kwako. Barua hiyo haikuzungumzia grisi wala spana, ingawa tulikuwa tumeeleza yote kwa urefu, pamoja na mchoro. Ilisema mambo matatu. La kwanza, kwamba kampuni imeamua kutoa kaboni, kwa kuwa ndiyo ya kisasa na ndiyo iliyoko ghalani. La pili, kwamba ajali ya tarehe 12 Mei ilisababishwa na mwendeshaji wa kike asiyekuwa na nguvu za kuumudu mzigo. La tatu, kwamba ili kulinda jina la bidhaa, seti zingetolewa kwa wanachama ishirini na watatu tu, na kikundi kitie sahihi kwamba Damaris Kemuma hatabeba tena abiria akiwa chini ya kikundi hiki.

Mgeni rasmi, hatusemi wewe ndiwe uliyeiandika. Ofisi ni kubwa na barua huandikwa na wengi. Lakini nakala yake ilibandikwa na wakala wenu kwenye lango la soko, na pale watu husoma.

Damaris alirudi kazini wiki hiyo hiyo. Mtulinga ulikuwa umeunga. Alikuwa na usukani wa alumini, ule uliokuwa wa mzee wetu wa nidhamu, aliyempa akarudia chuma chake. Abiria wa kwanza aliyemkaribia alimtazama, akamwuliza, "Wewe si ndiye wa barua?" kisha akapita kwa mwingine. Wa pili alifanya hivyo hivyo. Wateja wake wa miaka mitatu, mwalimu ambaye Damaris alikuwa akimpeleka shuleni kila asubuhi, mama wa kanisa, wote walianza kusalimia kwa mbali. Kuna siku alikaa steji kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nane mchana juu ya keria yake mwenyewe. Sisi wengine tulikuwa tukienda na kurudi mbele yake tukiwa na watu, tukiona haya.

Jambo hili limetuuma. Tumejaribu kuliandika kwa maneno ya ofisi na tumeshindwa, kwa hiyo tunaliandika hivi. Alivunjika mfupa akimwokoa abiria, kwa usukani alioletewa bure, uliokazwa vibaya na fundi wetu, na anayefukuzwa kazi ni yeye. Levis hajafukuzwa. Mimi katibu, niliyeipokea seti ile na kuitia sahihi kwamba ni nzima, sijafukuzwa. Hata usukani wenyewe haukufukuzwa. Zimeletwa nyingine, ishirini na tatu.

Tulimwambia Damaris tungeandika kulalamika. Alisema: "Andikeni ya usukani. Ya kwangu msiandike sana, watasema mwanamke analia." Tunamwomba radhi mbele yenu kwa kutomtii.

MAOMBI

Tunaomba, mgeni rasmi, kwa heshima yote:

Maboksi yale ishirini na matatu yaliyo juu ya meza, ambayo hatujayafungua, yarudi Nairobi. Tulichagua alumini na bado tunachagua alumini. Kama ghalani haipo, tutabaki na chuma chetu na fulana tutavaa bila kinyongo, kwa kuwa ni fulana nzuri. Kaboni wapewe watu wenye spana yenye saa.

Pili, na hili ndilo ombi letu hasa, hata ungetunyima yote mengine: iandikwe barua nyingine, kwa karatasi ile ile ya kampuni na mhuri ule ule, iseme kwamba mwendeshaji hakuwa na kosa. Ibandikwe kwenye lango lile lile. Iwe kwa Kiswahili, na herufi ziwe kubwa. Makosa ya fundi wetu yaandikwe humo, Levis amekubali na ametaka jina lake liwepo.

Karatasi mliyotutumia tutie sahihi, ya kwamba Damaris hatabeba abiria, iko mezani mbele yako. Haina sahihi hata moja. Vijana wetu wanane waliotaka kaboni ndio waliokuwa wa kwanza kukataa kalamu.

Na kama ungeona vyema, mtutumie pia hiyo spana yenye saa, hata moja. Levis angependa kuiona.

SAFARI YAKO YA KURUDI

Mgeni rasmi, tunamalizia na mpango wa kukurudisha.

Kama ujuavyo, gari lako limebaki ng'ambo ya mto, kwa sababu daraja la chini lilibebwa na mvua za El Nino mwisho wa mwaka jana na halijajengwa. Asubuhi ulivuka kwa miguu juu ya mbao, ukapakiwa baiskeli mpaka hapa. Ni kilomita mbili, na mteremko ni ule wa kuingia sokoni. Uliposhuka ulifuta miwani yako ukawaambia wazee, nao wamenithibitishia maneno, "Huyu mama anajua kazi yake. Sikurushwa hata mara moja." Bila kukuvunjia heshima, wewe ni mtu mwenye mwili.

Hukumwuliza jina. Anaitwa Damaris Kemuma.

Hatukumpanga kwa hila. Zamu ya asubuhi ilikuwa yake, na tulikubaliana kwamba zamu haibadilishwi kwa sababu ya mgeni.

Kwa safari ya kurudi tumeandaa baiskeli mbili, zimeegemezwa pale kwenye ukuta wa duka la Bi Asli. Ya kushoto ni ya Damaris, yenye usukani wa alumini. Una mikwaruzo miwili, na yote miwili inaonekana.

Ya kulia ni yangu. Ina usukani wa kaboni kutoka kampuni yako, seti ile ya pili ya majaribio. Levis alikuwa ameupaka grisi na kuukaza siku ile ile aliyoukaza wa Damaris, kwa bomba lile lile. Baada ya ajali tuliufungua ukanda, tukauosha, tukautazama juani, tukamwita Bi Asli autazame kwa miwani yake. Hatukuona ufa. Inawezekana haupo. Inawezekana kabisa ukafika ng'ambo salama na kuishi miaka kumi, nasi tukaonekana watu waoga waliokataa kitu kizuri. Mimi mwenyewe nitakuendesha, kwa hiyo chochote kitakachotokea kitatokea kwetu sote wawili.

Tangu mwezi wa Mei sijampakia mtu yeyote kwenye baiskeli hiyo. Utakuwa wa kwanza.

Tunakuachia uchague, kama ulivyotuachia sisi mwezi wa Machi. Utakayoipanda mbele ya watu hawa ndiyo jibu la risala yetu, na hatutakusumbua kwa barua nyingine.

Mungu akubariki wewe na jamaa yako, ambariki na kila aliyeacha kazi yake kuja kutusikiliza. Akufikishe ng'ambo mzima, juu ya usukani wowote utakaouchagua. Ero kamano, asante sana.

Ni sisi, wote ishirini na wanne,
Kikundi cha Waendesha Baiskeli za Abiria, Rangwe.